Mashine Namba Moja

Kila siku ya shule, kabla kengele ya kwanza haijalia, Chiriku alikuwa ameshafungua chumba cha kompyuta. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, nao ulimgonga kifuani kila alipotembea, jambo lililompendeza sana. Alifuta vumbi kwenye skrini ishirini na nne, akapanga viti, akainama kukagua kama kuna mtundu aliyebandika ubani wa kutafuna chini ya meza. Kisha aliketi mbele ya mashine namba moja, iliyokuwa mpya kuliko zote. Hakuna mwalimu aliyempa mashine ile iwe yake. Lakini hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuikalia.

Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Darasa zima la saba lilimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa kiranja wa chumba cha kompyuta kwa mwaka wa pili. Mtu akikwama, alimwita yeye kabla ya kumwita mwalimu. Maisha yalikuwa matamu.

Kisha akaja Nukta.

Nukta alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Walikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu wote wawili, ila Chiriku alimzidi miezi mitatu, na kwa sababu ya miezi hiyo mitatu Nukta alimwita dada. Alikuja na begi moja baada ya mama yake kulazwa katika hospitali ya mbali. Alikuwa mfupi, na alisema maneno machache kisha akanyamaza, kama mtu aliyeweka nukta mwisho wa sentensi. Ndiyo maana wakamwita hivyo.

Mwanzoni Chiriku alifurahi kupata mwenzake wa chumbani. Furaha hiyo haikumaliza wiki mbili. Mama yake Chiriku, ambaye alikuwa fundi cherehani, alianza kila sentensi kwa neno lile lile.

"Tazama mwenzio alivyokunja shuka."

"Tazama mwenzio, ameshamaliza kazi ya shule."

"Tazama mwenzio, hata sauti yake huisikii."

Chiriku alitazama, na kila alipotazama alipata kijiba cha roho. Usiku alipomsikia Nukta akipumua taratibu kitandani upande wa pili, alijisemea kwamba hata kulala mtoto huyu alilala kwa kujionyesha.

Faraja yake ilikuwa moja tu. Kule kwenye kompyuta, Nukta alipewa mashine namba kumi na saba, kuukuu, yenye ufa ubavuni na kibodi iliyokosa herufi mbili. Kule, Chiriku bado alikuwa Chiriku.

Jumatano moja, mwalimu wa kompyuta aliingia akiwa amekumbatia kisanduku kidogo cheusi kama mtu aliyebeba mayai. Wanafunzi walimwita Mwalimu Waya, kwa kuwa mifuko ya koti lake haikukosa nyaya zikining'inia.

"Sikilizeni," alisema. "Hii diski ina video zote za majaribio ya sayansi. Shule yetu haina maabara, na mtihani wenu uko wiki tatu mbele. Ofisi ya elimu imetuazima hadi saa saba mchana. Saa saba tarishi anakuja na pikipiki kuipeleka shule nyingine, na haitarudi kabla ya mtihani. Kompyuta yangu ya mkononi haina nafasi ya kubeba hata nusu ya video hizi. Kwa hiyo lazima zikae humu, kwenye mashine zenu."

Alichukua chaki. Kunakili video zote kwenye mashine moja kulichukua saa moja na robo. Mashine zilikuwa ishirini na nne. Alizidisha ubaoni, jibu likatoka saa thelathini. Darasa likaguna.

"Tena ni saa tatu sasa hivi," alisema. "Tuna saa nne. Tufanyeje?"

Mkono wa Chiriku ulikuwa juu kabla swali halijaisha. "Mwalimu, mashine zote zivute kutoka kwako kwa pamoja, kupitia nyaya!"

"Umejitahidi. Lakini waya unaotoka kwangu ni mmoja. Mkivuta ishirini na nne, kila mmoja anapata tone. Ni bomba moja na ndoo nyingi. Saa ni zile zile thelathini."

Chiriku alishusha mkono. Halafu kutoka nyuma ikaja sauti ndogo.

"Mwalimu, kama tungekuwa na kitabu kimoja na tunataka wote tukinakili, tungechana kurasa. Kila mtu anakili ukurasa wake. Halafu tunapeana."

Mwalimu Waya aligeuka polepole. "Rudia, Nukta. Kwa sauti."

Nukta alirudia.

"Jamani, mpigieni makofi huyu!" mwalimu alisema, na macho yake yaling'aa. "Ndivyo hasa! Video zinakatwa vipande vidogo vidogo. Mimi natoa kila kipande mara moja tu, kwa mashine moja. Wewe unapata cha kwanza, yule cha pili, yule cha tatu. Baada ya hapo mnagawiana nyinyi kwa nyinyi. Kila anayepokea anakuwa mgawaji pia. Wakiongezeka wanaohitaji, wanaongezeka na wanaotoa. Na programu ya kufanya hivyo ninayo."

Makofi yalipigwa. Chiriku aligonga viganja mara mbili, kidogo tu, kama mtu anayepangusa unga mikononi. Wazo lile lilikuwa rahisi. Angelipata mwenyewe kama angepewa dakika moja zaidi. Ndivyo alivyojiambia, na moyo ukazidi kumuuma.

Haikuishia hapo. Mwalimu alihitaji mtu wa kupita kwenye kila mashine, kusoma asilimia iliyofikiwa na kuiandika ubaoni. Chiriku alikuwa ameshasimama. Kazi kama hizo zilikuwa zake, hata hapakuwa na haja ya kuulizwa.

"Nukta," mwalimu alisema, "njoo uchukue chaki."

Chiriku akajifanya amesimama kunyoosha sketi.

Programu ikaanza. Kwenye kila skrini ulitokea mstari mrefu mweupe, ukaanza kujaa rangi ya kijani. Nukta alipita na daftari, akatazama bila kugusa kitu, akarudi ubaoni. Baada ya nusu saa namba zilikuwa hivi: mashine nyingi kumi na sita, mashine namba moja kumi na tano, mashine namba kumi na saba kumi na tisa.

"Kumi na tisa!" alidakia mvulana mmoja waliyemwita Goli. "Kile kikopo kikuukuu? Chiriku, mpya yako inapitwa na mkweche!"

Watu wakacheka. Ukweli ni kwamba Nukta alikuwa amefunga programu nyingine zote kwenye mashine yake, na Chiriku alikuwa ameacha mchezo wa magari wazi. Lakini wivu hauna subira ya kutafuta sababu. Chiriku aliona jambo moja tu: mashine yake ilikuwa inamlisha Nukta. Kila kipande ilichopata ilikigawa, na sehemu ya vipande hivyo ilikwenda kunenepesha namba kumi na saba.

Kwa kuwa alikuwa kiranja, aliijua programu ile kuliko wenzake. Ndani yake palikuwa na kisanduku cha kuweka kikomo cha kutoa. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akafuta namba iliyokuwemo, akaandika moja, kiwango kidogo kuliko vyote. Sasa mashine namba moja ingepokea kama kawaida, ila ingetoa kwa kudondosha, kama bomba lililokazwa na fundi mwenye hasira.

"Nione sasa," alinong'ona. Nguvu zote zingebaki kwake. Angemaliza wa kwanza, na mwalimu angeona mashine ya nani ni mashine.

Mambo hayakwenda alivyotaka. Kufikia saa tano, mashine karibu zote zilikuwa zimevuka hamsini na nane. Namba kumi na saba ilikuwa na sitini na moja. Namba moja ilikuwa na thelathini na tisa. Mstari wa Chiriku ulisogea milimita, ukasimama, ukafikiri, ukasogea tena.

Alifunga mchezo wa magari. Haikusaidia. Aligonga ubavu wa mashine kwa kiganja. Haikusaidia. Nukta akapita na daftari lake, akaangalia skrini na kukunja uso.

"Dada, yako ina nini?"

Kwa masikio ya mtu mwingine, lile lilikuwa swali. Kwa masikio ya Chiriku ilikuwa kejeli. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayepitapita huku! Mwalimu, Nukta ameichezea mashine yangu!"

Chumba kizima kikageuka.

"Una hakika, Chiriku?" mwalimu aliuliza.

"Ilikuwa nzuri kabla hajaanza kupita. Tazama mwenyewe!"

Mwalimu Waya alitazama mstari ule uliozembea, akatazama saa ukutani, akashusha pumzi. "Sina muda wa kesi sasa. Nukta, weka chaki chini, ukae pale ukutani. Tutaongea baadaye. Goli, andika namba."

Nukta aliketi kwenye kiti cha ukutani, mikono magotini. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, naye akayaacha. Chiriku aliinua kiti chake. Alikuwa ameshinda, alijua ameshinda, na alingoja furaha ije. Alingoja sana.

Saa saba kasoro dakika tano pikipiki ilinguruma uani. Tarishi aliingia na kofia ya chuma kichwani, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, diski. Wenzenu wananisubiri, na mwalimu mkuu wao hana utani."

Mwalimu alikagua kompyuta yake mara ya mwisho. Kila kipande kilikuwa kimeshatoka kwenye diski na kuingia chumbani, kwenye mashine hii au ile. Kilichobaki ni kugawiana. Alichomoa diski, akamkabidhi, na pikipiki ikaondoka.

Wakatazama mistari. Tisini na tano. Tisini na saba. Tisini na nane. Goli aliandika ubaoni kwa madaha, kama anayetangaza mpira. Kisha mistari yote ikasimama. Dakika ikapita. Dakika tano. Mashine ishirini na tatu ziligoma pale pale, tisini na nane kwa mia, na hakuna video hata moja iliyokubali kufunguka mpaka mwisho.

Mashine moja tu iliendelea. Kwa kuwa wengine hawakuwa na kitu kipya cha kupeana, waliigeukia ile iliyobaki nyuma na kuijaza. Mstari wa namba moja ulikimbia kama mtu aliyechelewa: themanini, tisini, tisini na tisa. Mia.

Chiriku alikuwa wa kwanza. Hakuna aliyepiga makofi.

"Ajabu," mwalimu alisema, akipitisha kidole kwenye orodha ya vipande. "Kila mashine inakosa vipande vile vile. Navyo viko namba moja tu. Kwa nini haivitoi?" Alipiga magoti, akaanza kukagua nyaya nyuma ya meza. "Vikikwama humo, tumeula wa chuya. Watoto ishirini na nne kwenye skrini moja, kwa wiki tatu!"

"Si ndiyo ile aliyoichezea Nukta?" Goli alisema. "Chiriku alisema mapema."

"Eeh, ameharibu kabisa," akaongeza mwingine. "Ametuponza wote."

Minong'ono ikapanda. Mwalimu alisimama, vumbi magotini. "Nukta, njoo. Niambie ukweli. Uligusa kitu kwenye mashine hii?"

"Sikugusa, Mwalimu."

"Sasa nani amegusa?"

Nukta alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Sijui. Lakini muulize dada. Tunalala chumba kimoja, ananijua. Yeye atakwambia kama mimi ni mtu wa kuharibu vitu vya watu."

Akamgeukia Chiriku. Hakuna hasira iliyokuwa machoni pake. Alikuwa anamngoja amtetee.

Chiriku angeweza kunyamaza. Angeweza pia kuinama kama anayesaidia, akaibadilisha ile namba kimyakimya, vipande vikatoka, na Nukta akabaki na lawama. Mawazo yote mawili yalimpitia, na yote mawili yalikuwa mepesi. Lakini mtu aliyemtoa machozi alikuwa amemfanya shahidi wake.

"Hakugusa," alisema. "Mimi ndiye niliyegusa."

"Wewe?"

"Niliweka kikomo cha kutoa. Niliandika moja. Sikutaka mashine yangu impe..." Alisita. "Sikutaka impe Nukta."

Mwalimu Waya hakufoka. Alivuta kiti mbele ya mashine namba moja. "Rudisha."

Chiriku alifuta ile moja, akaandika namba ya awali. Mara mistari ikashtuka. Vipande vilitoka, mashine nne zikavipata, zile nne zikawapa wengine, na kabla ya dakika tano kuisha chumba kizima kilikuwa cha kijani. Shangwe zilipigwa. Chiriku alikaa ameinamisha kichwa.

"Unajua kwa nini ulikuwa nyuma siku nzima?" mwalimu alimuuliza, sauti ikiwa chini ili asikie yeye tu. "Katika programu hii, kila mashine inampa kwanza yule anayeipa. Asiyetoa anaachiwa makombo. Hakuna aliyeichezea mashine yako, Chiriku. Ulijikaba mwenyewe, halafu ukatafuta wa kumlaumu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umesema kweli mbele ya watu, na hilo si dogo. Lakini ulisema uongo mbele ya watu hao hao. Nipe ufunguo. Muhula huu utakuwa kwa mwingine. Nami sitampigia mama yako simu. Utamwambia mwenyewe." Kisha akamgeukia Nukta. "Na mimi niwie radhi, mwanangu. Nilikuweka ukutani kabla sijachunguza. Mtu mzima mwenye haraka naye hukosea."

Njiani kurudi nyumbani, Nukta alitembea hatua kumi mbele. Chiriku alikuwa na maneno mengi kuliko siku zote, na hakuna hata moja lililokubali kutoka.

Mama alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Chiriku alieleza kila kitu, toka makofi hadi ufunguo. Mama alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, akasimamisha gurudumu.

"Na kwa nini umwonee gere mdogo wako?"

"Kwa sababu kila siku ni 'tazama mwenzio', Mama. Mimi sikunji hata shuka moja ikakupendeza?"

Mama aliinua kitambaa alichokuwa akishona, akakitazama, akakishusha.

"Mama yake yuko kitandani mwezi wa pili huu," alisema. "Mtoto akikunja shuka vizuri, nani wa kumwambia amefanya vizuri, kama si mimi? Nilidhani unaona. Lakini nimekukosea pia. Sifa zake nilizifanya fimbo ya kukuchapia wewe. Neno hilo nitaliacha, nami unikumbushe nikisahau."

"Nitakukumbusha."

"Vizuri. Haya, huyo yuko uani. Mimi sitakuombea msamaha."

Nukta alikuwa akifua soksi kwenye beseni. Chiriku alichuchumaa upande wa pili.

"Nisamehe."

"Uliniona nalia," Nukta alisema bila kuinua macho.

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nisamehe, Nukta."

Nukta alisugua soksi moja muda mrefu, mpaka ikaelekea kutoboka. "Bado nimekasirika."

"Najua."

"Nitakasirika mpaka Jumamosi." Akasukuma beseni. "Na soksi zote ni zako mpaka Jumamosi."

Chiriku akakunja mikono ya blauzi, akaanza kufua.

Jumamosi Nukta aliacha kukasirika, kama alivyosema, maana alikuwa mtu wa neno lake. Jioni zilizofuata walikaa na wenzao mbele ya mashine, wakatazama majaribio: chumvi ikiyeyuka, puto likijaa hewa ya moto, sumaku ikichambua chuma kwenye mchanga. Chiriku alipoelewa jambo alimweleza Nukta, na Nukta alipoelewa alimweleza Goli, ambaye alihitaji kuelezwa mara tatu. Wivu haukumtoka Chiriku kwa siku moja. Mwalimu alipomkabidhi Nukta ufunguo, kile kijiba kilirudi rohoni, naye akamwambia mama yake usiku huo huo, bila kuficha.

Mama alimvuta akamketisha karibu yake. "Kuona wivu si dhambi ya ajabu, mwanangu. Hata mimi nikiona fundi mwingine ana foleni ya wateja, roho inaniuma. Ubaya unaanza pale unapoziba njia ya mwenzako ukidhani umejifungulia yako. Nukta akijua, wewe hujapungukiwa kitu. Kitambaa nikikukatia wewe, kweli kinampungukia yeye. Lakini elimu na sifa si kitambaa. Mpe mwenzako, na chako kitabaki pale pale, tena utakuwa na mtu wa kukupa siku ukikwama. Na siku ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalia kwa sababu yako."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kumuuliza Nukta lile swali la sumaku ambalo hakuwa amelielewa.